Dar es Salaam hadi Muscat: namna ya kupiga hesabu ya umbali na muda wa safari ya ndege

Ukiuliza Dar es Salaam hadi Muscat ni saa ngapi kwa ndege, utapata majibu yasiyofanana. Tovuti ya kupima umbali itakuambia saa nne na dakika 25. Tiketi itaonyesha saa tano na nusu hivi. Shemeji yako aliyefika juzi atakwambia alishinda safarini kutwa nzima. Hakuna aliyekudanganya, ila kila mmoja amehesabu kitu chake. Wa kwanza amegawa kilomita kwa mwendo wa ndege ikiwa juu, wa pili amehesabu tangu ndege inapoondoka getini hadi inapoegeshwa, na shemeji amehesabu tangu alipofunga mlango wa nyumba.

Mwongozo huu unakufundisha kuzipiga hesabu zote hizo mwenyewe, kwa simu au kwa kalamu na karatasi. Nimechagua njia ya Dar na Muscat kwa sababu watu wetu wengi wanaipita: wenye ndugu Oman, wanaokwenda kazini, wafanyabiashara, wagonjwa. Ukiielewa hii, utaweza kuhesabu safari yoyote.

Hatua ya kwanza: jua unapima kutoka wapi hadi wapi

Ndege haitoki Kariakoo wala haitui Muttrah, mtaa wa soko la zamani huko Muscat. Inatoka Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere (alama yake kwenye tiketi ni DAR), ulio kama kilomita 12 kutoka katikati ya jiji, na inatua uwanja wa Muscat (MCT) ulioko upande wa Seeb, kama kilomita 30 kutoka Muttrah. Kwenye safari ya karibu kilomita 4,000 tofauti hiyo haibadilishi kitu angani, lakini itakudai pesa na muda wa teksi ardhini, kwa hiyo iandike pembeni.

Chukua pia majira-nukta ya viwanja vyote viwili, yaani latitudo na longitudo. Ukibonyeza na kushikilia uwanja kwenye ramani ya simu, namba hizo hutokea. Dar ni latitudo 6.88 kusini, longitudo 39.20 mashariki. Muscat ni latitudo 23.59 kaskazini, longitudo 58.28 mashariki.

Hatua ya pili: pata umbali

Njia nyepesi ni simu. Programu ya ramani ina kipimo cha umbali: gusa uwanja wa kwanza, chagua kupima umbali, kisha sogeza hadi uwanja wa pili. Usichague njia ya gari, kwa sababu itakuletea barabara ikiwa ipo, na barabara haifanani na anga. Mfano wa nyumbani: Dar hadi Mwanza kwa ndege ni takriban kilomita 852, ilhali kwa basi kupitia Dodoma na Singida unavuka kilomita 1,100.

Njia ya pili ni kalamu. Wengi huiogopa, na kumbe ni hesabu ya kidato cha pili. Nyuzi moja ya latitudo ni takriban kilomita 111. Fuata hivi:

1. Tafuta tofauti ya latitudo. Hapa ndipo watu wanapoteleza. Kama miji yote miwili iko upande mmoja wa ikweta, unatoa. Kama ikweta iko katikati yake, unajumlisha. Dar iko kusini na Muscat iko kaskazini, kwa hiyo 6.88 + 23.59 = 30.47. Ukitoa badala ya kujumlisha utapata karibu nyuzi 17, na Muscat yako itaangukia baharini, mashariki ya Somalia.

2. Zidisha kwa 111. Unapata kilomita 3,382 za kwenda kaskazini.

3. Tafuta tofauti ya longitudo: 58.28 − 39.20 = 19.08. Zidisha kwa 111, kisha zidisha tena kwa kosaini (cos kwenye kikokotoo) ya latitudo ya katikati ya safari. Sababu ni kwamba mistari ya longitudo inakaribiana kadiri unavyoiacha ikweta. Katikati ya Dar na Muscat ni kama nyuzi 8 kaskazini, na kosaini yake ni 0.99. Jibu ni kilomita 2,097 za kwenda mashariki.

4. Sasa una pembetatu mraba. Kipeo cha pili cha 3,382 jumlisha kipeo cha pili cha 2,097, halafu tafuta kipeuo cha pili cha jumla. Unapata kama kilomita 3,980.

Kompyuta inayofuata mviringo wa dunia barabara inatoa kilomita 3,970 hivi. Kalamu yako imekosea kwa kilomita kumi tu katika karibu elfu nne. Hesabu hii ya mkono inafaa sana kwa miji iliyo karibu na ikweta kama yetu. Kwa safari ya Dar hadi London au Toronto iache, tumia simu, maana huko mbali dunia inapinda sana na pembetatu bapa haitoshi.

Ukiona tovuti imeandika 2,466 au 2,143 usishtuke. Ya kwanza ni maili za nchi kavu, ambapo maili moja ni kilomita 1.609. Ya pili ni maili za baharini, moja ikiwa ni kilomita 1.852, na ndizo wanazotumia marubani na manahodha. Umbali ni ule ule.

Mstari huo mfupi unapita wapi? Unatoka Dar ukielekea kaskazini mashariki, unaambaa baharini nje ya pwani ya Kenya, unaikata Somalia, unavuka bahari kati ya Pembe ya Afrika na Bara Arabu, kisha unaingia nchi kavu karibu na mpaka wa Yemen na Oman na kupanda hadi Muscat. Ni karibu pwani zile zile walizozipita manahodha wa majahazi, waliokuja kwetu na kaskazi na kurudi na kusi. Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Zanzibar katika karne ya 19, huu ndio umbali uliokuwa kati ya miji yake miwili, na pepo ndizo zilizomwambia msafiri lini aondoke.

Ndege yenyewe haiufuati mstari huo kwa rula. Ina njia zake za angani, ina foleni ya kutua, na mashirika mengi yamekuwa yakikwepa anga ya Yemen tangu vita vilipopamba moto mwaka 2015. Kwa hiyo kilomita 3,970 ni umbali mdogo kabisa unaowezekana. Ukiangalia skrini ya kiti chako ukaona zimezidi kidogo, ni kawaida.

Hatua ya tatu: geuza kilomita kuwa saa

Ndege za abiria zinazopita njia za namna hii, kama Boeing 737, zikishafika juu hukimbia kama kilomita 830 hadi 850 kwa saa. Tovuti nyingi huchukua kilomita 900 kwa saa, zinagawa, zinamaliza. 3,970 gawa kwa 900 ni 4.41, yaani saa nne na dakika 25. Hesabu hiyo imesahau kwamba ndege inatambaa ardhini, inapanda taratibu, inashuka taratibu na kutafuta mahali pa kuegesha.

Kanuni ninayoitumia mimi ni hii: gawa kilomita kwa 800, kisha ongeza nusu saa. 3,970 gawa kwa 800 ni 4.96, yaani karibu saa tano. Ongeza dakika 30, unapata karibu saa tano na nusu. Mwanza: 852 gawa kwa 800 ni saa moja na dakika nne, ongeza 30, saa moja na dakika 34. Nairobi, kilomita 667 kutoka Dar: dakika 50 jumlisha 30, saa moja na dakika 20. Linganisha na ratiba za mashirika uone zinavyokaribiana.

Kanuni hii haifai kwa ndege ndogo za mapanga, ambazo mwendo wake ni mdogo zaidi, na haifai kwa safari fupi mno. Dar hadi Zanzibar ni kilomita 73 tu. Ndege haifiki hata urefu wake wa kawaida, inapanda na kushuka papo hapo, na dakika 20 angani zinatosha.

Wapo wanaoamini kwamba wakati wa kusi ndege ya Muscat inawahi kwa sababu inasukumwa. Kusi na kaskazi ni pepo za chini, zinazotawala bahari na matanga. Juu, kilomita 10 hadi 12, kuna pepo nyingine zenye mwelekeo wake. Ni kweli upepo wa huko unaweza kuongeza au kupunguza dakika kadhaa, na ndiyo maana kwenda na kurudi mara nyingi havilingani, lakini usiusome kwa kalenda ya wavuvi.

Hatua ya nne: angalia ndege inapita wapi

Hapa ndipo umbali na muda vinapoachana kabisa, na ndipo msafiri anapopoteza saa nyingi bila kujua.

Anza na kituo cha Zanzibar. Oman Air imekuwa ikiiunganisha Muscat na Zanzibar na Dar kwa miaka mingi, na kuna ratiba ambapo ndege moja hugusa viwanja vyote viwili. Dar hadi Zanzibar ni kilomita 73, Zanzibar hadi Muscat ni kama 3,905. Jumla 3,978. Yaani kupitia Zanzibar kumeongeza kilomita nane au tisa tu, kwa sababu Unguja iko karibu kabisa juu ya mstari wa kwenda Muscat. Lakini ndege inatua, abiria wanashuka, wengine wanapanda, mizigo inapakiwa, mafuta pengine. Kilomita tisa zimekugharimu saa nzima au zaidi. Anayeishi Dar akiona kwenye tiketi safari ya saa saba kwenda Muscat bila kubadili ndege, aangalie kama kuna kituo katikati.

Tazama sasa Dubai. Dar hadi Dubai ni takriban kilomita 3,975, karibu sawasawa na Dar hadi Muscat. Ukipitia huko unaruka saa zile zile tano na nusu, kisha bado una kilomita 348 za kurudi upande wa Muscat, karibu saa moja nyingine angani. Katikati kuna kusubiri. Chukua saa tatu za kuunganisha ndege, safari nzima inakuwa karibu saa tisa na nusu. Doha ni hivyo hivyo: kilomita 3,816 hadi Doha na nyingine 701 hadi Muscat, jumla kama 4,520.

Tiketi ya kuunganisha inaweza kuwa nafuu, na sikatazi mtu kuokoa pesa yake. Ila unapolinganisha bei, linganisha na jumla ya saa zilizoandikwa kwenye tiketi, si saa za kipande cha kwanza. Angalia pia kama vipande vyote viwili viko kwenye tiketi moja. Vikiwa kwenye tiketi moja na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika ndilo linalokutafutia nyingine. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali, kuchelewa kwa ya kwanza ni mzigo wako, na huenda ukatakiwa kuchukua begi lako na kupita uhamiaji wa nchi ya watu. Kwa namna hiyo usikubali kusubiri chini ya saa nne.

Wa Unguja na Pemba wanaopanda Zanzibar wana nafuu. Na mtu wa Dar akipata ndege nzuri inayoanzia Zanzibar anaweza kuvuka kwa boti ya mwendo kasi, takriban saa mbili. Avuke siku moja kabla, kwa sababu bahari ikichafuka boti husitishwa na ndege haimsubiri mtu.

Hatua ya tano: soma saa za tiketi vizuri

Ningeweza kuziacha hatua nyingine zote nikabaki na hii. Watu hawakosi ndege kwa kutojua kilomita. Wanaikosa kwa kusoma vibaya saa.

Kwanza, tiketi zote hutumia saa 24 na hesabu inayoanzia usiku wa manane, nasi tunahesabu kuanzia alfajiri. Kugeuza ni rahisi. Kuanzia 07:00 hadi 18:59, toa 6: 15:00 ni saa tisa alasiri. Kuanzia 19:00 hadi 23:59, toa 18: 21:30 ni saa tatu na nusu usiku. Kuanzia 00:00 hadi 06:59, ongeza 6: 02:40 ni saa nane na dakika 40 usiku.

Pili, tarehe. Tiketi imeandikwa 15 Februari, 02:40. Siku mpya ya tiketi inaanza saa sita usiku. Kwa hiyo ndege hiyo inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 15, na wewe unatakiwa kuwa uwanjani tarehe 14, kwenye saa tano na dakika 40 usiku. Ukijiandaa tarehe 15 jioni, ndege imeshaondoka karibu siku nzima iliyopita. Kila unapoona saa inayoanza na 00, 01, 02 au 03, andika kwa mkono juu ya karatasi ya tiketi: "Naondoka nyumbani tarehe fulani jioni." Mzee anayesafiri peke yake mwandikie mwenyewe, na umpigie simu siku hiyo.

Tatu, tofauti ya saa kati ya nchi. Saa zilizoandikwa ni za mahali ndege ilipo: ya kuondoka ni ya Dar, ya kufika ni ya Muscat. Oman iko mbele ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa moja. Dubai nayo iko mbele kwa saa moja, Doha iko sawa na sisi. Hakuna hata moja kati ya nchi hizo inayosogeza saa kwa majira, kwa hiyo tofauti hiyo haibadiliki mwaka mzima.

Chukua mfano wa ndege inayoondoka Dar 15:00 na kuruka saa tano na nusu. Kwa saa ya Dar inafika 20:30. Ongeza moja, tiketi itasema 21:30. Ukitoa 15:00 kutoka 21:30 utapata saa sita na nusu na kudhani ndege inakwenda polepole, kumbe saa moja ni ya tofauti ya nchi. Wakati wa kurudi mambo yanageuka: ukiondoka Muscat 08:30 ukaruka saa tano na nusu, Oman ni 14:00 na Dar ni 13:00. Tiketi itaonekana kama safari ya saa nne na nusu. Alama ya +1 pembeni ya saa ya kufika maana yake unafika kesho yake, kama vile anayeondoka Dar 21:00 na kufika 03:30 ya Muscat.

Nne, mwenyeji wako. Muscat kuna Waomani wengi waliozaliwa au kulelewa Zanzibar, na Kiswahili chao ni safi. Lakini wengi wao huishi kwa saa ya kazini, inayoanzia usiku wa manane kama ya tiketi, na watoto wao zaidi. Ukimwambia binamu "nafika saa tatu usiku", mmoja atakuja 21:00 na mwingine atakuja 03:00. Mtumie picha ya tiketi, na uandike kwa tarakimu: "natua 21:30 saa ya Oman, tarehe 15".

Hatua ya sita: panga siku nzima, mlango hadi mlango

Tuseme unatoka Mbagala, ndege ni ile ya 15:00. Kwa safari ya nje ya nchi uwe uwanjani saa tatu kabla, yaani 12:00. Ndege za nje zinatumia jengo la tatu la abiria, lililofunguliwa mwaka 2019, kwa hiyo mwambie dereva mapema asikushushe jengo la pili. Foleni ya jiji unaijua: weka saa moja na nusu, uondoke nyumbani 10:30. Anayetoka Tegeta au Kimara aongeze, na siku ya mvua kila mtu aongeze.

Unatua 21:30 ya Oman. Uhamiaji na mizigo, weka saa moja. Gari hadi Muttrah, dakika 40. Unafika mlangoni 23:10, ambayo kwa Dar ni 22:10. Tangu 10:30 hadi 22:10 ni saa kumi na moja na dakika 40. Angani na kwenye lami ya uwanja umetumia saa tano na nusu tu.

Kwa hesabu hiyo unaweza kujibu maswali ya maana. Mgonjwa wa kisukari ale na kuchoma sindano saa ngapi? Mtoto atahitaji maziwa mara ngapi? Mama mkwe atakayekupokea apike saa ngapi? Mwenye miadi ya hospitali saa mbili asubuhi kesho yake atakuwa amelala vya kutosha? Kwa mgonjwa hasa, ningeshauri ndege ya moja kwa moja ya mchana hata kama bei imezidi, na miadi iwekwe siku ya pili baada ya kufika.

Siku tatu kabla ya safari angalia tena ratiba kwenye tovuti au programu ya shirika lenyewe, maana saa hubadilishwa na taarifa hutumwa kwa barua pepe ambayo huenda ni ya wakala aliyekukatia tiketi, si yako. Hakikisha namba yako ya simu imo kwenye tiketi. Asubuhi ya safari angalia mara ya mwisho, na saa ikiwa imesogea, mtumie mwenyeji wako picha mpya.